Siku Tisini za Cheti Changu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeambiwa mimi ni mzimamoto. Ijumaa nilipotoka kazini nilikuwa mpokea simu. Sijui nimebadilika saa ngapi.

Mkuu wa kituo ameniita ofisini kwake, akanionyesha barua ya wizara. Ruzuku ya mafunzo imepita! Mwaka wa tatu huu tunaomba. Nafasi nane: kuingia kwenye moshi, kutafuta watu, kuwatoa. Nikampa hongera. Akasema hongera nijipe mwenyewe, maana wa nane ni mimi. Sharti la serikali — kila kituo kitoe angalau mwanamke mmoja. Kituo kizima wanawake ni mimi na dada wa usafi, na dada wa usafi ni wa kampuni.

Nikamkumbusha kwamba kazi yangu ni simu. Miaka tisa sasa. Akasema barua inataka wazimamoto na watoa huduma za dharura, na je, hao wanaonipigia huwa wananialika harusini? Nikacheka. Nilipofika kwenye kiti changu nikaona kumbe nimeshakubali.

Mume wangu nimemkuta kibandani kwake anaziba pancha ya baiskeli. Nimemsimulia. Hakusema hongera wala pole. Ameuliza tu: na simu atapokea nani? Kituoni hakuna aliyeuliza hilo. Hata mimi.

Jumatano, 12 Machi

Chuo cha mafunzo, siku ya tatu. Mwili wote unauma. Mtungi wa hewa mgongoni, barakoa usoni, buti zinanizidi namba mbili. Nikiinama mtungi unataka kunipita kichwani. Mkufunzi anasema tambaeni, na ukutani pelekeni mgongo wa mkono, siyo kiganja. Ukigusa waya wenye umeme kwa kiganja, vidole vinajikunja na kuukamata. Naandika kila kitu. Wenzangu hawaandiki. Wananiita Karani.

Sielewi nafanya nini hapa. Kila jioni najiambia kesho nitamwendea mkufunzi nimweleze kwamba kuna makosa yamefanyika. Asubuhi navaa buti.

Ijumaa, 14 Machi

Mtihani. Kontena refu, limejazwa moshi. Ndani wamelaza mtu wa mchanga, kilo sabini, na kifuani kwake wameweka kijiredio kinachokohoa polepole. Tunaingia wawili wawili. Wenzangu wote waliingia kama wanaomfukuza mwizi — buti, kelele, kugonga vyuma. Mimi nilipangwa na Ngazi. Ndiye mrefu kuliko wote, hata mkewe akipiga simu kituoni anamwulizia Ngazi.

Tulipotambaa kidogo nikamshika mguu. Simama. Zuia pumzi. Tukatulia. Kikohozi kile pale, kushoto, chini ya kitu. Dakika nne tukawa nje na mtu wetu. Wengine walitumia kumi na zaidi, na jozi moja haikumpata kabisa.

Mkufunzi akauliza nimejifunza wapi. Nikasema kwenye simu. Akadhani natania. Lakini ni kweli, miaka tisa nasikiliza watu nisiowaona. Nani amejifungia bafuni, nani amebeba mtoto, nani anasema hajaumia na ameumia.

Nimepata cheti, tena jina la kwanza kwenye orodha. Sijui nifurahi au nimtafute mwenyewe nimrudishie.

Jumatatu, 24 Machi

Kumbe cheti kina masharti yake. Mkuu ametusomea leo: ndani ya siku tisini kila aliyefunzwa awe anafanya kazi aliyofunzwa, la sivyo kituo hakipati awamu ya pili. Na awamu ya pili ni watu kumi na sita na mitungi mipya. Kwa hiyo kwenye simu siruhusiwi kurudi. Nimehamishiwa gari la kwanza, siti ya nyuma ya dereva. Nitakuwa naingia na Ngazi.

Kwenye kiti changu amekaa Mzee Spidi. Alikuwa dereva. Jina tulimpa kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akipita hamsini. Amebakiza mwaka mmoja astaafu, wamemtoa kwenye usukani ili apumzike. Mtu mwema, hana neno na mtu. Ila miaka ishirini na sita chini ya king'ora, masikio yamekwenda. Simu anaiweka spika, jengo zima linasikia.

Nimemwelekeza. Mambo ni mawili, Mzee: muulize yeye yuko wapi, halafu muulize moto uko wapi. Akanitazama. Akasema mwanangu, mtu apige simu ya moto naye yuko kwingine? Nikamwambia ndiyo, tena mara nyingi. Mtu mwenye hofu hutaja mahali miguu yake iliposimama. Akasema sawasawa, akaandika kwenye kiganja. Baada ya chakula akanawa mikono.

Alhamisi, 3 Aprili

Moto wa jalala. Jalala tena. Paka juu ya paa la benki. Moshi wa kuingia sijauona.

Niandike ukweli, daftari hili hasomi mtu: napenda. Gari linapotoka getini na watu wanasogea pembeni, napenda. Binti yangu ametangaza shule nzima. Kwenye simu nilikuwa nasikia mwanzo tu wa mambo. Mtu analia, nampeleka gari, nakata, napokea mwingine. Mwisho wake siujui mpaka leo.

Basi nilichokuwa nakilalamikia mwezi uliopita ni nini? Sijui.

Jumanne, 22 Aprili

Nimemtoa mtu.

Nianze mwanzo. Saa tano asubuhi, simu. Mwanamke anapiga kelele. Mzee Spidi: wapi, mama, wapi? Nyuma ya stendi, mlango wa kijani! Tukatoka. Tukafika nyuma ya stendi — hakuna moshi. Mlango wa kijani ni duka la kushona nguo. Mwanamke akatoka mbio, tepu ya kupimia inaning'inia shingoni, anasema siyo hapa, siyo hapa, ni nyumbani kwa baba, jirani ndiye amenipigia! Upande wa pili wa mji kabisa, ng'ambo ya reli. Tukampakia. Njia nzima alikuwa anapiga kiti cha dereva kwa kiganja.

Dakika kumi na mbili zimepotea. Chumba cha nyuma kilikuwa kimekwisha, na moshi umeshuka mpaka magotini. Mimi mbele, Ngazi nyuma. Tukatambaa, tukatulia. Hakuna kikohozi. Nikasikia kitu kinakwaruza, chini, kulia. Baba yake yule mwanamke alikuwa ameanguka nyuma ya mlango wa choo, anakwaruza ubao kwa kucha. Sauti hakuwa nayo tena. Tukamvuta. Nje akavuta pumzi moja, tukasubiri, akavuta ya pili. Hospitali wanasema mapafu, tungoje tuone.

Watu walipiga makofi. Mwanamke wa tepu alinikumbatia na mtungi wangu mgongoni. Sikumbuki nilimjibu nini.

Jumatano, 23 Aprili

Mkuu ana furaha kama bwana harusi. Wizara wamempigia wenyewe! Mwanamke wa ruzuku ameokoa mtu, mwezi mmoja tu baada ya cheti. Wanataka taarifa kabla ya Jumatatu saa kumi, fomu ya kurasa mbili. "Eleza kwa maneno yako namna mafunzo yalivyookoa maisha." Niandike mimi, kwa mkono wangu.

Nimepitia kitabu cha matukio ili nichukue saa sahihi. Kwenye sababu ya kuchelewa Mkuu ameandika: mpiga simu alitaja mahali pasipo sahihi. Nimesoma mara tatu. Mzee Spidi alikuwa pembeni anakunywa chai, akaniambia amekwisha kumsamehe yule mama, hofu ni hofu. Amemsamehe yeye!

Ijumaa, 25 Aprili

Fomu iko vilevile. Jina langu na tarehe, basi.

Niandike hapa kwanza. Siku ile spika ilikuwa wazi. Mimi nilikuwa navaa koti, mguu mmoja umeingia kwenye buti. Nilimsikia yule mwanamke, na nyuma ya sauti yake nikasikia vyerehani. Viwili, labda vitatu, vinakwenda tu kwa raha zao. Hakuna mtu anayeshona nguo kwenye nyumba inayoungua. Nilijua. Palepale nilijua kwamba anapopataja si mahali moto ulipo. Kusema kungechukua sekunde tano: Mzee, muulize moto uko wapi.

Sikusema. Kwa nini? Siku tatu najiuliza. Nimejiambia mgeni kwenye gari hamfundishi mzee kazi. Nimejiambia chuoni tulifundishwa amri ni ya mmoja. Yote ni kweli na hakuna hata moja lililonizuia. Injini ilikuwa inanguruma, Ngazi amenyoosha mkono anivute juu, na mimi nilitaka kupanda. Ningefungua mdomo Mkuu angesema wewe baki hapo, shika simu. Niliogopa kiti changu.

Mume wangu nimempa nusu ya habari. Nimemwambia ningekuwa kwenye simu tungefika mapema. Akafikiri, akasema ningekuwa kwenye simu, yule mzee angetafutwa na wale wenye kelele na asingepatikana. Mshika mbili moja humponyoka. Akauliza kama nataka chai. Maneno yake ni ya kweli pia, na ndiyo yanayonivuruga zaidi. Nimemwokoa mtu niliyemchelewesha mwenyewe. Je, nimefanya vizuri au vibaya? Mtu mmoja aniambie nimfuate huyo.

Jumapili, 27 Aprili

Nikisema: Mzee Spidi, mwaka mmoja kabla ya kustaafu. Awamu ya pili. Na mimi mwenyewe, kwaheri gari, narudi kwenye simu.

Nisiposema: yule mwanamke. Ameandikwa kitabuni kwa kalamu.

Nimefua nguo zote za nyumbani, hata zilizokuwa safi.

Jumatatu, 28 Aprili

Asubuhi nilijaza ukurasa wa kwanza. Mtungi, kutambaa, kutulia, kusikiliza. Yote kweli. Wa pili unauliza changamoto. Nikaandika "hakuna", nikafuta. Karatasi imechubuka hapo.

Saa tisa amekuja. Fundi cherehani mwenyewe, yule mwanamke wa tepu, na kitambaa cha bluu kwenye mfuko. Anataka kunishonea gauni, na ameniomba nisimkatalie. Mkuu akatupa chumba cha kubadilishia nguo, akasema tukimaliza tupige na picha ya kwenda na fomu.

Nikamuuliza hali ya baba yake. Anakunywa uji kidogo. Sauti bado, anaandika kwenye karatasi. Jana ameandika kuuliza nani anawalisha njiwa wake. Tukacheka kidogo, wote wawili.

Nyoosha mikono, dada. Nikanyoosha. Bega, kifua. Anaandika kwenye kipande cha boksi, penseli anairudisha mdomoni. Akahamia mgongoni. Nadhani ilikuwa rahisi kwake kusema akiwa nyuma yangu.

Akasema hajalala tangu Jumanne. Alipita hapa juzi kuuliza kwa nini tulichelewa, wakamsomea kitabu. Nilikuwa nje na gari, sikujua.

"Na ni kweli," akasema. "Nilitaja dukani kwangu. Baba yangu anaungua, mimi nataja dukani kwangu. Mtoto wa namna gani mimi? Madaktari wanasema angetolewa mapema kidogo tu mapafu yangepona. Kidogo tu, dada. Na wala nilikuwa sijui nasema nini. Hata wasichana wangu sikuwaambia kitu, walikuwa wanashona tu nyuma yangu, vyerehani vinakwenda—"

"Najua," nikasema. "Nilivisikia."

Lilinitoka tu. Nilitaka kumpoza. Nilitaka ajue kwamba si yeye.

Tepu ikasimama kiunoni. Akazunguka akaja mbele, akatoa penseli mdomoni.

"Ulivisikia ukiwa wapi?"

Nikamwambia ngoja nikuletee maji.

Niko stoo, kati ya mipira ya maji, naandika nimesimama. Glasi ninayo hapa, imejaa. Ni saa tisa na nusu. Mkuu ameshapita mara moja kuulizia fomu. Namsikia yule dada upande wa pili wa ukuta. Hajakaa. Hajakunja kitambaa. Anasubiri.