Kesho ya Fundi

Jumatatu, 3 Februari

Mpwa wangu mpenzi,

Habari za huko, na kazi inakwendaje? Sisi hatujambo, ila goti langu la kukanyagia cherehani linanung'unika. Mke wangu anakusalimu, anasema umekonda kwenye picha.

Ile mashine ya kujibu wateja uliyoniwekea kwenye simu imeanza kazi. Mtu akiandika, inamjibu yenyewe, tena kwa sauti yangu kabisa: "Usijali mwanangu, kazi yako iko mikononi." Hata mke wangu alidhani ni mimi. Tangu uondoke sijagusa simu, nashona tu. Mungu akuzidishie.

Mjomba wako


Jumatano, 5 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumai goti limetulia. Usipolipeleka hospitali nitakuja kulipeleka mimi. Nimefurahi mno. Nilidhani ungeitupa mashine pamoja na simu yenyewe.

Sauti yako iliipata kwenye meseji zako za zamani na wateja. Niliipa zote ikajifunza. Ila tafadhali pitia majibu yake kila jioni. Inajua maneno yako, haijui kilichopo mezani kwako.

Mpwa wako


Alhamisi, 20 Februari

Mpwa wangu,

Salamu nitakupa mwishoni, leo kichwa kinawaka moto.

Asubuhi nimekuta watu wamejaa hadi barazani. Kila mmoja ameambiwa na mashine kazi yake itakuwa tayari kesho, na hiyo kesho ndiyo leo. Mwenye suti, mwenye sare za watoto, hadi mzee wa suruali ya kupunguza. Unajua fundi akisema kesho maana yake ni nakukumbuka, bado, usinisumbue. Mtaa mzima unalijua hilo, hakuna aliyewahi kuja hiyo kesho. Lakini mashine yako imeongeza na saa: "Kesho saa tatu asubuhi, bila kukosa." Mimi tangu nizaliwe sijatamka maneno hayo.

Wengi walicheka wakaondoka. Yule mwalimu wa shule ya mtaani hakucheka. Anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo, na kitambaa cha gauni lake sijakikata. Fundi mwingine alikuwa na nafasi, mwalimu akamkataa kwa kuamini jibu la mashine. Sasa yule naye amejaza kazi. Mwalimu akaniuliza, "Fundi, si ulinihakikishia mwenyewe?" Nikasingizia mtandao. Majibu uliyoniambia nipitie, sikupitia hata moja. Nifanyeje?

Hatujambo wote.

Mjomba wako


Ijumaa, 21 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo, na pole. Kosa ni letu wawili, mashine haimo. Niliipa meseji za wateja wako bila kuwauliza, pamoja na vipimo vya viuno vyao, Mungu anisamehe. Nimevifuta. Wala sikuieleza kwamba kesho ya fundi haimo kwenye kalenda. Kuanzia leo kila jibu linaanza na "Mimi ni mashine ya duka," na ikiulizwa siku, inasema, "Sijui, namuuliza fundi."

Lakini mwalimu hawezi kuvaa marekebisho yangu. Nenda kwake, mjomba, mwambie aliyemhakikishia hakuwa wewe. Kisha mpe siku ya kweli kwa mdomo wako. Kama huiwezi, mwambie sasa hivi, angali na muda wa kutafuta gauni la kuazima.

Mpwa wako


Alhamisi, 27 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Umenyamaza wiki nzima na simu hupokei. Nimeiuliza mashine habari zako, ikanijibu, "Mimi ni mashine ya duka. Sijui, namuuliza fundi." Nimejitakia mwenyewe. Harusi ni keshokutwa, na mimi usingizi sina. Niambie hata neno moja.

Mpwa wako


Ijumaa, 28 Februari

Mpwa wangu mpenzi,

Habari za wasiwasi? Sisi wazima, na jana nimelala fofofo.

Nilikwenda kwa mwalimu siku ileile uliyoniambia, nikamweleza yote. Akasema, "Kwa hiyo niliyekuwa namshukuru muda wote ni simu?" Nikamwambia ndiyo, na mimi ndiye niliyeiacha ijisemee. Akaniuliza siku. Ulimi ukakimbilia kwenye kesho, nikaung'ata. Nikasema Alhamisi saa kumi. Tangu hapo mke wangu anatia shanga, mimi nashona, na simu nimeifungia kabatini.

Jana saa kumi gauni lilikuwa limening'inia dukani, limepigwa pasi. Nikamngoja hadi saa kumi na moja, hakuja. Nikaitoa simu nikampigia. "Mwalimu, gauni liko tayari." Akasema, "We mashine, si ulisema hujui? Hebu mpe fundi simu." Nikamwambia ni mimi. Akasema fundi wa kweli angesema kesho, na nyuma yake nikasikia nyumba nzima inacheka. Kumbe alishajipangia kuja leo, kwa jinsi anavyonijua.

Basi nikalifunika gauni kwa shuka, nikalibeba juu juu kwa mikono miwili, nikapita nalo barabarani magari yakinipisha. Goti nililisahau. Alilipokea mwenyewe mlangoni, akaingia nalo chumbani, akatoka amelivaa. Kiunoni limekaa, pindo linagusa sakafu bila kuburuta. Akajitazama kwenye kioo, akanitazama mimi, akaanza kulia.

Nikashtuka, nikamuuliza panabana wapi.

"Hapabani popote, fundi," akasema. "Umewahi."

Mpwa wangu, nimeshonea nusu ya mtaa huu, na wateja wamenililia sana humu dukani. Huyu ndiye wa kwanza kulia kwa sababu nimewahi.

Mjomba wako