Rangi ya Machungwa Chini ya Nyekundu

Viroqua, Wisconsin.
12 Julai 1998.

Mpendwa binamu yangu Ragna,

Salamu tele kutoka huku nyumbani. Hujambo? Huko Alaska baridi imewaachia walau kidogo? Na goti la mumeo Dale linaendeleaje? Sisi hatujambo. Mama amepona kikohozi na amerudi kugombana na sungura bustanini.

Mvua ilituchelewesha, lakini nyasi za kwanza tumeziingiza ghalani zikiwa kavu.

Sasa habari ya baba yako. Usishtuke, ni mzima. Mwezi uliopita aliamua kuitengeneza ile mashine kuukuu ya kukatia nyasi, ile inayofungwa nyuma ya trekta, aipeleke kwenye maonyesho ya kaunti. Unakumbuka tulivyoambiwa tangu utotoni: babu yetu aliinunua mpya, nyekundu, ifanane na trekta lake. Lakini kibao cha jina kiling'oka zamani, na visu vimelika. Usipojua imetoka kiwanda gani, visu vingine huvipati.

Nikamwambia, "Mjomba, kila kiwanda kina rangi yake. Tuitafute pale ambapo brashi haikufika." Tukalala chini ya mashine, yeye na spana, mimi na kisu cha kukwangulia. Jirani yetu Einar Kvamme alikuwa amekaa juu ya ndoo, akinywa kahawa.

"Halvor, paka nyekundu yaishe," akasema. "Watu wanakuja maonyeshoni kula soseji, si kukagua rangi."

"Nyamaza wewe, hata mlango wa choo chako hujawahi kuupaka!" mjomba akamjibu.

Kwanza niliona vyuma vya kuifungia kwenye trekta vimechomelewa baadaye. Haikutoka navyo kiwandani. Kisha mjomba akafungua kifuniko cha mkanda. Ndani, chini ya grisi iliyoganda, palikuwa na rangi ya machungwa, inang'aa kama ya jana. Nikakwangua zaidi. Chini yake, chuma kitupu: hiyo ndiyo rangi ya kiwandani.

Ragna, zamani hizo, katika bonde hili zima, mashine za rangi ya machungwa zilikuwa kwa akina Kvamme peke yao. Mjomba alitoka chini polepole, akamtazama Einar.

"Hii ni yenu."

Einar aliweka kikombe chini. "Ghala lenu lilipoungua wewe ulikuwa vitani Korea. Mashine zote ziliteketea. Baba yangu akamletea baba yako hii, ng'ombe wasife njaa. Akaniambia, 'Siku utakayoidai, nitakucharaza.' Basi sijaidai."

"Na baba yangu akaipaka nyekundu!"

"Aliomba ruhusa. Aliona haya kuonekana na chombo cha kuazima. Baba yangu alimsaidia kupaka."

Mjomba aliingia ndani, akakaa mezani na kofia kichwani, jambo ambalo mama yako, Mungu amrehemu, asingelivumilia. Nilipomfuata akasema, "Signe, maisha yangu yote nimemringia huyu mtu kwa mashine yake mwenyewe."

Baada ya kuijua rangi, visu tulivipata upesi kwa fundi mmoja wa Richland Center. Mjomba aliipaka machungwa kwa mkono wake, na Jumamosi akaivuta kwa trekta hadi kwa Einar kuirudisha.

"Niifanyie nini?" Einar akacheka. "Ng'ombe sina. Niiweke sebuleni?"

"Nyasi unazo," mjomba akajibu, akageuza trekta kuelekea lile konde la kando ya kijito ambalo halijakatwa tangu Einar afiwe na mkewe.

Alikata mistari michache, akasimama, akashuka. "Mashine ni ya baba yako. Panda wewe."

Einar alipanda, akalimaliza konde lote. Baba yako alisimama kwenye uzio akimtazama, machozi yanamtiririka, wala hakuyafuta.

Nisalimie Dale na watoto. Mama anakusalimu, na Shangazi Borghild anauliza lini utakuja. Mungu awafunike huko kwenye baridi, awalinde hadi tuonane.

Mimi binamu yako, nisiyekusahau,
Signe