Msiba wa Mzee wa Fizikia

Baba yangu mpendwa, shikamoo.

Kifua kinaendeleaje na baridi hii ya Njombe? Na Mama, bado anapalilia viazi peke yake? Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Ningekupigia, lakini simu yako unaiweka sauti ya juu hadi mbuzi wanasikiliza, na haya nataka uyajue wewe kwanza.

Uliniuliza wenzangu wa hapa kituoni, huku ughaibuni, tunaotafiti habari za uumbaji, wamesomea nini, maana shemeji anayefundisha baiolojia Makambako anakutania kwamba si wanasayansi. Wamesoma, Baba. Mmoja ni mhandisi wa mabwawa, mwingine ana shahada ya uzamivu ya mimea, mwingine ya kemia, tena za vyuo vyenye jina. Ila shemeji naye usimpuuze. Mhandisi anaandika kuhusu mifupa ya kale, na wa kemia kuhusu nyota. Aliyesomea miamba, ambayo ndiyo tunayobishania kila siku, ni mimi tu.

Mkubwa wetu alikuwa mzee wa fizikia. Alifundisha chuo kikuu miaka mingi. Alipoandika kwamba dunia iliumbwa kwa siku sita, walimu wenzake walimtenga, na wanawe wakamwonea haya. Mwezi huu amefariki.

Basi mimi, Mbena wa watu, nikapika sufuria ya wali na maharage, nikabeba blanketi, nikaenda kulala msibani. Nyumba imefungwa! Jirani akatoka, akaniuliza nauza nini. Nikamwambia nimekuja kwenye msiba.

"Hapa hakuna mtu," akasema. "Watamzika Alhamisi."

Nikarudi na sufuria yangu, nikilia njia nzima. Alhamisi tulikuwa sisi wa kituoni na mwanawe mmoja, aliyekuwa akitazama saa. Kwetu hata mlevi watu hulala kwake akifiwa au akifa. Baba, hakuna hata aliyesimama kusoma historia ya marehemu, alizaliwa wapi, alisoma wapi. Mtu mwenye elimu yote ile!

Najua umeshanitangaza kanisani, na ulisema nisirudi mpaka tuwashinde wanaobisha. Sioni wa kushinda hapa. Nimechoka, na ninaogopa.

Nisalimie Mama, shangazi wa sokoni, na shemeji, mwambie sijamkasirikia.

Naomba uniambie nirudi nyumbani. Ukisema nibaki, nitabaki, wala sitakuomba tena.

Binti yako,
Tumaini