Mpira wa Breki wa Baba Yako

Bandani kwangu,
Nyuma ya duka la rangi.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mpwa wangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na mkeo na huyo mjukuu wangu ambaye mpaka leo namjua kwa picha tu. Hujambo lakini? Kile kikohozi cha baridi kimekuachia? Na mguu wa mkeo, ameshaanza kuukanyagia? Sisi huku miili haijambo. Mama yako anakula kidogo, lakini anakula, na wiki hii ameanza tena kumwagilia maua yake bila kukumbushwa. Mimi mgongo ni uleule wa kuinamia cherehani, hauui mtu.

Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana. Ningeweza kukupigia simu, lakini najijua. Kwenye simu nitaingiza utani, na leo sitaki ucheke. Kwa hiyo kaa chini, uisome mpaka mwisho, halafu uamue utakavyoamua.

Kwanza nikupe ya mazishi, maana najua nafasi ya kuja ulikosa na bado inakuuma. Wenzetu wote wa Jumamosi, wale wa magari ya kupanda milima, walikuja. Alikuja Bwana Winchi, yule mchomea vyuma ambaye uwanja wake ndio baraza letu. Alikuja Mama Tope, yule muuguzi ambaye gari lake hukwama hata mahali pakavu. Walikuja na magari yao yameoshwa mpaka chini ya matairi, jambo ambalo halijawahi kutokea, na hakuna aliyelicheka la mwenzake. Hapo ndipo nilipoamini kwamba baba yako amekufa kweli.

Unajua alivyolipenda lile gari lake kuukuu. Mama yako alikuwa akiliita mke mwenza. Alikuwa akisema, “Mke mwenza leo kapakwa mafuta mwili mzima, mimi hata chai sijapata.” Mtu aliyefundisha hesabu miaka thelathini, kila Jumamosi alikuwa anakaa juu ya tairi bovu pale uwanjani, miwani puani, akituuliza maswali kama mtoto wa darasa la kwanza. Alijua kwamba hajui, na hakuona haya. Mimi ninayeshona viti vya magari nilikuwa najifanya najua hata injini.

Sasa nikueleze desturi yetu, maana bila hiyo hutaelewa. Kwetu, iwe uwanjani au kwenye kundi la simu, mtu akileta shida ya gari lake kwanza anachekwa. Akisema linavuja oili, anaambiwa alivalishe nepi. Akisema linavuta kushoto, anaambiwa limekumbuka njia ya kwa wakwe. Utani ukishapoa, mmoja wetu anamwambia la kufanya: kaza nati ile, badilisha kile, nenda kwa fulani. Utani kwanza, dawa baadaye. Miaka tisa tumekwenda hivyo na hakuna aliyeumia hata kidole.

Ujumbe wako wa mwisho nimeupata. Umesema umeshampata wakili, na kwamba yule fundi wa springi lazima afungwe. Umesema baba yako alikuwa mtu wa kukagua kila kitu, breki haziwezi kukatika hivihivi, kwa hiyo fundi alifanya kazi amelewa. Ukaniuliza kama nitasimama kuwa shahidi, nikakujibu “tutaona.” Lile neno lilikuwa la mwoga, na nalifuta leo.

Mpwa wangu, fundi hakuwa amelewa. Baba yako alitaka gari liinuliwe inchi tatu lipate kupita kwenye mawe. Fundi akaweka springi ndefu, akaziweka vizuri. Akamwambia kwamba mipira ya breki, ile inayopeleka mafuta kwenye magurudumu, sasa itakuwa mifupi. Mirefu ameiagiza, na akiona hii ya zamani imekaza asiliendeshe, amrudishie.

Nimeyajuaje hayo? Baba yako aliyaandika yote kwenye kundi letu, Ijumaa mchana, na ujumbe bado ninao. Aliandika hivi: “Fundi kasema mpira wa breki ukikaza nisiendeshe. Wa nyuma naona umekaza kidogo. Wataalamu mnasemaje?”

Mimi ndiye niliyejibu wa kwanza. Niliandika: “Shemeji, mafundi ni waoga. Upe wiki moja tu, mpira hulegea wenyewe, kama mkanda wa mtu aliyeoa vizuri.”

Watu wakacheka, simu ikajaa vicheko. Baba yako akaandika, “Haya, wiki moja.” Nami nikadhani ananirudishia utani kwa utani. Dawa nilikuwa nayo, ni maneno matano: usiendeshe mpaka mipira mirefu ifike. Nilikuwa nimeanza kuyaandika, Mama Tope akatuma picha ya gari lake limezama mtoni mpaka kwenye vioo. Wote tukahamia kwake. Mimi nikamtumia utani mwingine, nikaweka simu, nikarudi kwenye kiti nilichokuwa nashona. Sikukumbuka tena.

Gari lilikaa uani wiki moja kamili. Hakuongeza siku wala hakupunguza. Ijumaa iliyofuata asubuhi akalitoa akapanda nalo kilimani. Juu kule gurudumu la nyuma liliingia kwenye korongo likaning'inia, mpira ukavutika ukakatika, mafuta ya breki yakamwagika yote. Magari ya zamani kama lile breki zote zinategemea njia moja ya mafuta. Akaanza kuteremka hajui. Alipofika darajani chini ya kilima breki hazikushika, na yaliyofuata unayajua, sina la kukuongezea.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha. Nilikuwa nikiusikia msemo huo tangu utotoni nikidhani ni wa kutishia watoto wakorofi.

Kwenye kundi kila mtu ameusoma ule ujumbe wangu, na hakuna aliyenitajia. Ningeona afadhali mmoja wao anitukane. Juzi mtu mmoja aliuliza juu ya rejeta inayochemka. Hakuna aliyemtania. Alijibiwa kwa mstari mmoja, akasema asante, basi.

Yule fundi naye hayumo kwenye kundi letu. Wiki iliyopita alinijia hapa bandani, amekonda. Wateja wamemkimbia tangu ilipovuma kwamba anashtakiwa. Akaniuliza, “Mzee, marehemu nilimwambia mimi. Wewe shemeji yake hakukudokezea kitu?” Nilijifanya natafuta mkasi, na mkasi ulikuwa mkononi. Akanitazama, akaniaga kwa adabu, akaenda zake. Sijawahi kujidharau kama siku ile.

Jana nilikwenda kwa mama yako. Nilimkuta jikoni anamenya viazi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni, maana sikuona kama nastahili kukaribishwa kiti. Hakuinua macho. Alimenya kiazi mpaka kikabaki kidogo sana, kisha akaniambia.

“Nilijua, kaka. Alinisomea siku ileile. Nikamwambia, huyo kaka yangu anakutania. Akasema hapana, kwenye utani mwingine sawa, lakini kwenye breki hawezi kunitania, mimi ni mume wa dada yake.”

Nililia, mpwa wangu. Mtu mzima na mvi zangu nililia nimeshika fremu ya mlango. Mama yako hakunibembeleza wala hakunifukuza. Alinimiminia chai, akaniambia, “Mwandikie mwanangu wewe mwenyewe. Mimi siwezi kumchagulia kati ya baba yake na mjomba wake.”

Ndiyo haya nimekuandikia. Ninalokuomba ni moja: mwachie yule fundi. Mwambie wakili wako aache, leo kabla ya kesho, maana mtu yule anaangamia kwa kosa ambalo si lake. Ukitaka kuendelea na kesi, jina langu unalo na ujumbe wangu nimekuwekea nakala humu ndani ya bahasha. Sitakana hata neno moja. Kesho asubuhi nakwenda kwenye gereji yake kumjibu lile swali, mbele ya wateja kama wapo, na kutoka hapo napita kwa Bwana Winchi nikayaseme kwa mdomo wangu mbele ya wenzangu.

Msamaha sikuombi. Si kwamba siutaki. Nautaka kuliko kitu chochote, lakini naona ni kukuongezea mzigo mwingine juu ya ule ulionao.

Msalimie sana mkeo, umwambie asiuharakishe mguu kabla haujakaa sawa. Mbusu mtoto kwenye paji la uso. Mama yako anakusalimu na anasema umpigie Jumatano, ana maneno yake mwenyewe. Bwana Winchi na Mama Tope nao wanakupa pole. Mungu akulinde barabarani na nyumbani, akutilie baraka mikononi, na akukutanishe siku zote na watu watakaokuambia ukweli kwanza.

Hapa chini nilikuwa niandike neno mjomba, kama nilivyoliandika katika barua zote tangu ulipojifunza kusoma. Safari hii nimeliacha. Ukiweza, siku moja, liandike wewe.

Wako akupendaye, hata ukinichukia,

Fundi wa viti.