Keki ya Maharagwe Yangu

Kwako binti yangu Annika,

Mimi mzima. Maharagwe yangu ya kahawia yameshinda ya kisiwa kizima cha Öland. Nimeyaponda nikaoka keki ya chokoleti, haina hata chembe ya ngano. Jirani Ragnhild kaonja, akasema, "Mzee, wewe hata chai inakushinda. Hii umenunua." Nikamwambia ale anyamaze.

Krismasi ile uliposema ngano inamdhuru Tuva, nilisema ni madeko ya watoto wa mjini, nikampa mkate kwa siri, mjukuu wangu akalazwa hospitalini. Hilo silisahau.

Unga wote wa ngano nimempa Ragnhild. Meza nimeisugua mara tatu, na bati la kuokea ni jipya. Kama bado huniamini, njoo na chakula cha Tuva, lakini njoo naye.

Baba yako,
Torsten