Chambo cha Manyoya ya Jogoo

Mjukuu wangu Athumani,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Mkumbi tu wazima, ila mimi nimechoka.

Umeuliza nani alinifundisha kufunga chambo cha manyoya kinachoelea. Ni baba yangu, alipokwisha kupofuka. Kila nilichofunga kilizama, na kaka yangu akarudi kutoka baharini mikono mitupu. "Unakaza mno, mwanangu," baba akasema, akaviweka vidole vyangu juu ya vyake nisikie uzi unavyopita. Nilichoka hata nikalia.

Mwishowe changu kikaelea, kaka akaleta samaki, kolekole mzima. Baba alikula, kisha akanikabidhi ndoana zake zote.

"Kesho usiniamshe alfajiri kufunga chambo," akaniambia.

Akalala hadi jua likapanda. Mimi nilikaa mlangoni nikivifunga, nikiwanyamazisha wapitao.

Mungu akutunze huko uliko.

Bibi yako