Shimo Yetu ya Kolwezi

Mama,

Jambo sana toka Kolwezi! Leo, mu formation, mafunzo yetu ya udongo wa barabara, tulichimba shimo ya kupima. Mbiombio bachimbaji ba cobalt bakatuzunguka na majembe: "Mulipata nini?" Nikasema, "Udongo tu." Hakuna mwenye aliamini! Moja akaufinya kama tonge ya bukari, akacheka: "Tata, huu ukinywa mvua unavimba. Barabara itapasuka." Mu labo bakapima, bakapata vilevile. Mwalimu mwenyewe akamupigia makofi!

Mama, ni udongo ule ule mi niliweka pale Lubudi, mbele ya mulango yako, na weye ukasifu rangi yake. Nakuya kuutoa. Kwa sasa, mvua ikinyesha, pitia nyuma.

Mutoto wako mwenye kukupenda,
Kabwe